Kutu kwenye gari la zamani Mtwara na Lindi: soma dalili kabla hujashika msasa

"Fundi, haka kapele utanipakia rangi kwa bei gani?"

Mteja ananionyesha kivimbe kisichozidi punje ya choroko, juu ya tao la gurudumu la nyuma. Nachukua bisibisi, nageuza upande wa mpini, nagonga. Pembeni ya kivimbe bati linaita "ting". Juu yenyewe linasema "pwa", kama umegonga boksi la karatasi lililonyeshewa. Hapo bei ya rangi haina maana tena. Kile kipele ni barua ya msiba tu. Marehemu yuko ndani na amekaa siku nyingi.

Huku kwetu kutu kubwa haianzii nje. Inaanzia pale maji yanapokaa bila kuonekana: ndani ya mlango, ndani ya kizingiti (lile bati refu chini ya milango), nyuma ya tao, chini ya kapeti. Chuma kinahitaji maji na hewa tu ili kishike kutu, na chumvi inaharakisha kazi. Chumvi ina tabia moja zaidi ambayo wengi hawaifikirii: unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 75 inaanza kuvuta maji yenyewe. Usiku wa pwani yetu huvuka hapo mara kwa mara. Kwa hiyo gari lililopigwa na upepo wa bahari pale Shangani linalowa kila usiku, hata kama mvua haijanyesha tangu Mei.

Kuna pia ugonjwa wa kuja nao. Magari mengi tunayoendesha yametumika Japani, na mikoa yake ya baridi kama Hokkaido humwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji. Gari la huko linashuka bandarini limeng'aa juu, tumboni lina magamba. Kama bado unayo karatasi ya mnada iliyokuja na gari lako, tafuta herufi S na C kwenye mchoro wa bodi. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati.

Kabla hujaingia chini

Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Weka stendi, au magogo mazito yaliyokaa sawasawa, zuia magurudumu, ndipo uingie. Kwa gari lenye kutu kuna hatari ya pili: sehemu yenyewe ya kuwekea jeki inaweza kuwa imeoza. Inua taratibu huku unatazama. Ukiona bati linabonyea au ukasikia mlio wa kukunjika, shusha, na usijaribu tena upande wa pili.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: bisibisi bapa, nyundo ndogo, tochi, waya laini kama wa kufungia uzio, na sumaku iliyofungwa kitambaa isichubue rangi. Miwani pia, kwa sababu kutu inadondoka machoni mwa anayeitazama kutoka chini.

Dalili: vidoti vya kahawia juu ya rangi, bati bado linaita "ting"

Hii ndiyo kutu ya kutibika nyumbani. Chanzo cha kawaida ni kokoto. Boneti na mbele ya paa hudonolewa, hasa ukiwa nyuma ya malori kwenye vipande vibovu vya barabara. Cha pili ni uchafu uliokaa juani: kinyesi cha ndege, na mabibo. Bibo likipondekea juu ya boneti na kukauka, utomvu wake unaichosha rangi hadi inapasuka vinyufa vidogo. Chanzo cha tatu watu hawakijui. Kama unapaki karibu na fundi wa mageti, cheche za grenda yake zinaruka na kunasa kwenye rangi yako, kisha zinashika kutu zenyewe. Gari zima linajaa madoa kama limenyunyiziwa chai, na bodi yako haina kosa lolote.

Jaribu rahisi kwanza. Osha kwa maji matamu na sabuni, kisha sugua doa moja kwa kidole chenye kitambaa na nta ya kung'arishia. Likitoka, ni cheche au uchafu, na kazi imeisha. Likibaki shimo dogo lenye kahawia, kutu imefika kwenye bati. Lisugue kwa ncha ya msasa namba 240 mpaka uone chuma cheupe, paka dawa ya kubadili kutu kama maelezo ya chupa yanavyosema, kisha praima ya epoksi, kisha rangi kwa brashi ndogo ya watoto wa shule. Halitapendeza kama la dukani. Litadumu.

Dalili: vipele na malengelenge kwenye matao, ukingo wa chini wa milango na vizingiti

Hapa ndipo napata riziki yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sababu ya kwanza na ya kawaida kuliko zote ni matundu ya kutolea maji yaliyoziba. Kila mlango una matundu mawili au matatu kwenye ukingo wa chini kabisa, madogo kama jicho la shati. Mvua inapita kwenye raba ya kioo, inaingia ndani ya mlango na kutokea huko chini. Ndivyo mlango ulivyobuniwa. Vumbi letu jekundu likichanganyika na majani linatengeneza udongo wa mfinyanzi, tundu linaziba, mlango unakuwa mtungi. Lala chini, mulika, ingiza waya laini kila tundu na uzungushe. Maji yakimwagika, umepata mgonjwa. Siku moja niliuzibua mlango wa Noah iliyotoka Nachingwea, maji yakajaza nusu ya ndoo ya lita kumi. Mwenye gari alikuwa ananiambia anasikia "kama bahari" kila akikata kona.

Sababu ya pili ni tope lililokaa nyuma ya ukingo wa tao. Pitisha kidole ndani ya ukingo wa bati juu ya gurudumu. Kwenye magari mengi ukingo huo umekunjwa kuelekea ndani, na mkunjo unakuwa kama rafu ya kuwekea tope. Gari likitoka Msimbati, ambako watu wanaendesha hadi ufukweni, rafu hiyo inabeba mchanga wenye chumvi kwa miezi. Chokonoa kwa kijiti cha mnazi, si bisibisi, usije ukachuna rangi iliyobaki.

Ya tatu ni viungo vya bati kupasuka gundi yake. Na ya nne, kwa gari lililowahi kugongwa, ni puti ya zamani, ule mchanganyiko wa kusawazishia bati. Hapo sumaku inafanya kazi yake: ipitishe polepole kutoka bati zima kuelekea kwenye kipele. Ikilegea ghafla, unagusa puti.

Baada ya kujua chanzo, pima ukubwa. Gonga kote kuzunguka kipele. Tia alama kwa chaki pale mlio unapobadilika. Kisha bonyeza kwa ncha ya bisibisi ndani ya alama, kwa nguvu ya mkono tu. Usiwe na huruma. Bati linalotoboka kwa mkono lilikuwa limekwisha. Wateja huwa wanaruka, "Fundi, unanitoboa gari!" Kutu imelitoboa, mimi nimefungua pazia tu.

Kama bati halitoboki, unaweza kuendelea mwenyewe:

1. Ondoa rangi hadi sentimita tatu au nne nje ya alama ya chaki, kwa brashi ya waya kisha msasa namba 80. Kutu huwa imetambaa chini ya rangi inayoonekana nzima.

2. Toa chumvi. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka. Chumvi inajificha kwenye vishimo vidogo vyeusi na msasa hauifikii. Mwagia maji matamu ya moto, sugua kwa brashi ngumu, kausha, rudia. Kisha liache bati wazi usiku mmoja mahali pasiponyeshewa. Asubuhi likiwa na kahawia hafifu kila mahali, ni unyevu wa kawaida. Vishimo vikiwa na vidoti vya kahawia kilichokolea, chumvi bado imo, rudia kuosha.

3. Sugua upya, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi. Vaa glavu na miwani. Soma chupa: nyingine zinataka zioshwe baada ya kukauka, nyingine zinataka ziachwe, na baadhi ya praima hazishiki vizuri juu ya asidi iliyobaki.

4. Praima ya epoksi mikono miwili, siku hiyohiyo. Ile praima nyekundu ya kupakia mageti ina nafasi yake, lakini ikiachwa bila rangi ya juu inanyonya unyevu. Nimeona magari yamezunguka mjini mwaka mzima na viraka vyekundu, mwenyewe anajua amejikinga.

5. Rangi ya juu, halafu usisahau upande wa ndani. Nyunyizia nta au mafuta mazito kupitia matundu ya mlango na kizingiti, ukiacha matundu yenyewe wazi.

Miezi mizuri ya kazi hii ni Juni hadi Oktoba, kuanzia saa tatu asubuhi umande ukishakauka. Siku kusi inavuma kwa nguvu na wewe uko karibu na ufukwe, acha. Utafungia chumvi chini ya rangi mpya kwa mkono wako.

*Simama hapa, mwite fundi:* kama tundu linapita ngumi, kama kizingiti kinabonyea ukikikanyaga, au kama uozo umefika nguzo ya mlango au sehemu unapofungwa mkanda wa usalama. Kwenye magari madogo yasiyo na chasisi ya kujitegemea, kizingiti ni mfupa. Ndicho kinachozuia gari lisikunjike kati likigongwa.

Dalili: uliziba mwaka jana, imerudi mwaka huu

Hili naliandika kwa uchungu wangu. Kabla sijaanza kazi ya bodi, Hilux yangu ya 1997 ilikuwa na tundu kwenye tao la nyuma kushoto. Nikaipeleka mahali, ikarudi imenyooka, imeng'aa, nikalipa na kushukuru. Baada ya miezi minane rangi ikaanza kufura. Nikachukua kisu nikachimba. Kwanza ilitoka rangi. Kisha puti, unene wa kidole gumba. Kisha, nyuma ya puti, kipande cha kiroba cha saruji kilichokunjwakunjwa na kusukumwa ndani ya tundu ili puti ipate pa kushikia. Kilikuwa kimelowa chapa. Nilikikamua, maji yakatoka.

Puti ya bodi ina unga wa mawe laini ndani yake, na ikipata maji kutoka nyuma inayanyonya. Kwa hiyo puti juu ya tundu ni sponji iliyobandikwa kwenye kidonda. Puti ina kazi moja: kusawazisha bati zima lisilo na tundu, kwa unene wa milimita mbili tatu. Tundu linafungwa kwa bati.

Kwa hiyo kama kutu yako imerudi, sababu ni hizi, kwa mpangilio ninavyozikuta: puti juu ya tundu, maji bado yanaingia kwa sababu chanzo hakikushughulikiwa, chumvi haikuoshwa, na mwisho, bati la kiraka lilichomelewa vizuri lakini upande wa nyuma wa mchomeo ukaachwa mtupu. Hii ya mwisho inawapata hata mafundi wazuri. Moto wa kuchomelea unaunguza rangi ya ndani, na chuma kilichounguzwa kinashika kutu upesi kuliko kingine chochote.

Swali la kumuuliza fundi kabla hujampa gari: "Utakata mpaka wapi, na ndani utapaka nini?" Akijibu "wewe niachie tu", mimi ningeondoka. Muombe akupigie picha bati lililokatwa kabla ya kuziba. Simu kila mtu anayo.

Kama utasimama naye wakati wa kuchomelea, hakikisha waya hasi wa betri umetolewa ili kontroboksi (kompyuta ya gari) isiungue, kapeti na sponji za viti zimeondolewa, na ndoo ya maji iko karibu. Karibu na tangi la mafuta hakuna mjadala: tangi linashushwa. Usikubali maneno ya "halina kitu hilo". Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa usiku. Anywe maziwa akitaka, lakini kinachomsaidia ni kusaga ile zinki kwanza na kufanya kazi kwenye upepo.

Rangi za kuchanganya na hadna zina sumu inayoharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Kazi hiyo mwachie mwenye barakoa ya vichungi. Na ukiamua kugeuza rangi ya gari kabisa, peleka taarifa TRA ili kadi ifanane na gari.

Dalili: kapeti limelowa, gari linanuka uvundo

Watu hupulizia marashi. Mbavu za gari zinaendelea kuoza.

Anza na swali: limelowa bila mvua? Kama ndiyo, na ni upande wa abiria wa mbele, kwa joto letu chanzo cha kwanza ni bomba la kutolea maji ya AC. Washa AC kwa robo saa, tazama chini ya gari. Hakuna kidimbwi? Bomba limeziba, mara nyingi na vumbi au kiota cha nyigu. Lizibue kutokea chini kwa waya laini uliopinda ncha, usisukume kwa nguvu.

Linalowa baada ya mvua au kuoshwa tu? Fungua boneti, tazama chini ya vipangusio vya kioo. Kuna mfereji pale wenye matundu pembeni. Ukipaki chini ya mwarobaini au mkorosho, mfereji ule unakuwa mboji. Toa majani kwa mkono, mimina maji taratibu uone yanatokea wapi. Yakitokea ndani kwenye miguu, umepata jibu. Baada ya hapo angalia raba za milango, na ile nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango nyuma ya kava. Fundi wa spika akiichana na asiirudishe, maji yanaingia ndani moja kwa moja.

Mara chache sana maji yanakuwa na rangi, yanateleza na kunukia utamuutamu. Hayo ni ya kupoza injini, yanavuja kutoka kwenye radieta ndogo ya hita. Hiyo si kutu tena, nenda kwa fundi injini.

Kapeti lote litoke nje, likauke juani siku mbili. Sponji ya chini yake inashika maji wiki nzima huku juu pamekauka. Kagua sakafu kwa bisibisi kama ulivyofanya kwenye matao. Ukiona barabara kupitia sakafu, angalia kwanza kiti kimefungwa wapi. Tundu karibu na bolti za kiti au za mkanda ni kazi ya fundi, na gari lisibebe mtu kwenye kiti hicho mpaka limalizike.

Dalili: kutu pembezoni mwa kioo cha mbele

Karibu kila mara ni kioo kilichowahi kubadilishwa, na kisu cha fundi kikachana rangi chini ya raba. Kioo kikibandikwa kwa gundi juu ya kutu, gundi inashika kutu, haishiki gari. Usijaribu kuchokonoa pembeni na kupaka juu juu. Kioo kitolewe, kutu iondolewe, kirudishwe. Ni kazi ya mtu mwenye zana za vioo.

Dalili: taa zinafifia, starta inasuasua, na betri ni mpya

Kabla hujanunua betri ya tatu, fuata waya hasi kutoka kwenye betri hadi ulipofungwa kwenye bodi. Fungua nati, tazama chini yake. Kukiwa na ukungu wa kahawia, au wa kijani kwenye shaba, umeme haupiti. Toa betri kwanza, sugua hadi chuma cheupe pande zote mbili, funga, kisha paka grisi juu, si katikati. Kuna waya mwingine unaounganisha injini na bodi. Huo husahaulika zaidi. Dakika ishirini, na kipande cha msasa.

Dalili: magamba kwenye chasisi

Pikapu, Surf, Prado za zamani. Rangi ya kahawia iliyotandaa sawasawa juu ya chasisi isikutishe, ni ngozi. Kinachotisha ni tabaka, kutu inayobanduka kama magamba ya chaza.

Gonga kwa nyundo ndogo, kwa mpangilio, kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinarusha nyundo na kuita. Kilichooza kinaimeza. Kaa zaidi kwenye hanga za springi za nyuma (vyuma vinavyoshikilia springi kwenye chasisi), juu ya ekseli chasisi inapopinda, na pale mihimili ya kukatiza inapoungana. Huko tope linalala na maji ya kuoshea hayafiki. Chasisi nyingi ni bomba la mraba lenye matundu, kwa hiyo mulika ndani pia. Ukiweza kuchota kutu kwa kijiko kutoka ndani, unajua hali.

Kama nyundo inaita kote: brashi ya waya, maji matamu, siku mbili za jua, dawa ya kutu, praima, rangi nyeusi ya chasisi, na mafuta mazito ndani ya bomba. Usipake lami nene juu ya kutu. Inaonekana kazi imefanyika, lakini lami ikipasuka kidogo maji yanaingia chini yake na hayatoki, nawe huoni kitu mpaka springi inapopita juu.

*Simama kabisa, usiendeshe:* nyundo ikitoboa; hanga ya springi ikiwa na ufa; gari likivuta upande ghafla bila sababu ya tairi; milango ikianza kukataa kufunga gari likiwa na mzigo. Na ukiwa huko chini, pitisha jicho kwenye mabomba membamba ya chuma ya breki. Yakiwa na vipele au unyevu, hayasuguliwi, yanabadilishwa. Nimeshaona mtu anasugua bomba la breki kwa brashi ya waya hadi likang'aa, na kwa kusugua akamaliza chuma chote kilichokuwa kimebaki.

Chasisi haichomelewi na kila mwenye mashine. Kiraka kilichobandikwa vibaya huvunjika pembeni yake. Na namba ya chasisi isikatwe, isisagwe, isifunikwe. Ukiuza gari utajieleza polisi kwa kosa ambalo hukulifanya.

Pikapu na Kirikuu za samaki na chumvi

Kwa mnaobeba samaki wa barafu kutoka Mtwara na Kilwa, au magunia ya chumvi kutoka mashambani: maji ya barafu ya samaki yana chumvi na mafuta. Hayakauki. Zulia la plastiki mnaloweka kwenye bodi linawaficha hali. Linyanyueni kila wiki. Mikunjo ya pembe za bodi na bolti zake ndiyo inayokufa kwanza. Gari linalovuka kwa kivuko kwenda Msanga Mkuu au Kitunda lioshwe chini siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye ngazi ya kivuko maji ya chumvi yanaruka hadi kwenye ekseli.

Wenye Land Rover za zamani, ule unga mweupe kwenye maungio ni alumini inayoliwa pale inapogusana na chuma penye chumvi. Kila mnapofungua bolti, rudisheni na washa ya plastiki au raba katikati.

Kuosha, na maji ya kuoshea

Nimewahi kumlaumu mteja kwa kutoosha gari, kumbe analiosha kila jioni. Tatizo lilikuwa kisima. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na kijana wa kuosha magari anatumia maji aliyonayo. Onja. Yakikukolea ulimini, yanafaa kwa tairi tu. Maji ya bomba ni bora, ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora zaidi, hata ndoo tatu zikielekezwa chini ya gari na ndani ya matao zinatosha. Bodi ya juu inaweza kusubiri Jumamosi.

Usifunike gari likiwa na maji. Turubai lisilopitisha hewa linaumua kutu kama unga wa maandazi. Usipaki kwenye majani marefu, umande unatoka chini.

Oili chafu ya injini, ile ambayo kila mzee atakwambia upake chini: inafukuza maji, sikatai. Lakini inaozesha bushi na mabomba ya raba ya breki, ikirukia diski breki hazishiki, ina chembe zinazoweza kuleta saratani ya ngozi, na inaishia kwenye kisima chako. Oili safi ya gia iliyochanganywa na grisi na kupakwa kwa brashi, mbali na breki na raba, inafanya kazi ileile. Wapo pia wanaotaka kujaribu mafuta ya ganda la korosho kwa kuwa viwanda huyatumia kwenye rangi na pedi za breki. Viwandani yanachakatwa kwanza. Yakiwa mabichi yanababua mikono, waulizeni wabanguaji.

Mimi Hilux yangu naipitia mara mbili kwa mwaka: Mei mvua zikikatika, na Novemba kabla hazijaanza. Waya kwenye matundu, nyundo kwenye chasisi, tochi chini ya kapeti. Inachukua asubuhi moja. Matundu ya mlango wa kushoto huwa na majani kuliko ya kulia, kwa sababu mkorosho wa jirani uko upande huo.